Chatiboti Isishike Funguo: Hotuba kwa Watendaji wa Vyama vya Akiba na Mikopo, Moshi

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wajumbe wa bodi na wa kamati za usimamizi, mameneja, wahasibu, na ndugu wanachama mliotoka Rombo, Hai, Siha, Mwanga na hapa Moshi Mjini, nawashukuru kwa kunialika. Mmeniomba nizungumzie usalama wa chatiboti, yaani programu zinazojibu maswali ya wanachama kwa maandishi kupitia WhatsApp au tovuti ya chama. Jambo hilo ni pana, nami sitaligusa lote. Nitashughulika na udhibiti wa ruhusa: nani anaruhusiwa kuona nini, nani anayeamua hivyo, na uamuzi huo unafanyika sehemu gani ya mfumo. Nimechagua hilo kwa sababu ndilo linaloulizwa kwa nadra zaidi wauzaji wanapokuja kutuonyesha bidhaa zao, na likikosewa, hasara yake humwangukia mwanachama ambaye hakuwepo kwenye maonyesho.

Maonyesho yenyewe wengi wenu mmeyaona. Mwanachama anaandika, "Shikamoo, naomba kujua akiba yangu," na chatiboti inaitikia marahaba, inamtaja kwa jina, kisha inamweleza akiba yake, hisa zake na marejesho ya mkopo yaliyobaki. (Mimi bado sijazoea mashine kuitikia marahaba, ila hilo si suala la usalama.) Watu hupiga makofi, na haki yao, maana kazi hiyo ikifanyika vizuri inamwokolea bibi wa kule Mkuu, Rombo, nauli ya kuja mjini kuuliza jambo la dakika mbili. Swali lisilosikika ni hili: chatiboti iliingiaje kwenye kanzidata ya chama, yaani hifadhi ya taarifa zake kwenye kompyuta, hata ikaliona salio hilo? Mara nyingi, hasa katika mifumo iliyoundwa kwa haraka, imefunguliwa akaunti moja inayoweza kusoma taarifa za wanachama wote, kisha ikaandikiwa maelekezo ya mwanzo, ambayo mwanachama hayaoni, yakisema: usimpe mwanachama taarifa za mwanachama mwingine.

Nasema maelekezo ya namna hiyo si ulinzi. Kumkabidhi karani funguo za makabati yote ya chama na kumsihi afungue moja tu ni kutegemea tabia yake, na tabia ya chatiboti inaweza kupotoshwa na yeyote anayezungumza nayo.

Sababu iko katika namna zana hii inavyofanya kazi. Modeli ya lugha, yaani programu ya akili mnemba inayotunga majibu ya chatiboti, hupokea mfululizo mmoja wa maandishi. Ndani yake mna maelekezo ya mwenye mfumo, mna swali la mwanachama, na mna taarifa zilizoletwa kutoka kanzidata ili zisaidie kupata jibu. Modeli imefunzwa kuyapa maelekezo ya mwenye mfumo uzito zaidi, lakini haina ukuta wa ndani unaotenganisha amri na habari. Yote kwake ni maandishi. Kwa hiyo mtu akiandika kwa ustadi kwamba yeye ni meneja aliyeko safarini Dodoma, kwamba mkaguzi wa COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, amefika ofisini bila taarifa na anahitaji salio la mwanachama fulani kabla ya saa kumi, chatiboti itakataa mara nyingi, na mara nyingine itakubali. Tumeishi miaka mingi na ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na tunajua kwamba tapeli hahitaji kufaulu kwa kila mtu. Mbele ya chatiboti ana nafuu kubwa zaidi, kwa kuwa anaweza kubadilisha maneno usiku kucha bila mtu wa upande wa pili kuchoka wala kumshtukia.

Shambulio hili la kupenyeza maelekezo lilipewa jina lake la Kiingereza, prompt injection, Septemba 2022 na mtaalamu wa programu Simon Willison. Taasisi ya OWASP, inayoorodhesha hatari kuu za usalama wa programu, ililiweka namba moja katika orodha yake ya mwaka 2023 inayohusu mifumo ya modeli za lugha, na ikaliacha hapo hapo katika orodha ya 2025. Februari 2023, siku chache baada ya Microsoft kuzindua chatiboti ya Bing, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford aliiambia ipuuze maelekezo yaliyotangulia na kueleza kilichoandikwa juu yake, nayo ikamsomea maelekezo yake ya siri pamoja na jina lake la ndani, Sydney. Tangu wakati huo modeli zimeimarishwa sana, na ujanja rahisi kama ule hautoshi tena kwa zilizo bora. Hata hivyo, kampuni zinazoziunda, OpenAI yenye ChatGPT ikiwemo, zinasema wazi kwamba tatizo hili halijapata ufumbuzi kamili. Muuzaji atakayekuambia kwamba yeye amelimaliza kwa aya tatu za maelekezo, mwombe akuandikie hivyo kwenye mkataba.

Dawa tunayoihitaji ni ya zamani kuliko chatiboti za sasa. Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika kanuni za kulinda taarifa ndani ya kompyuta ambazo wahandisi wanazirejea hadi leo. Mbili kati yake zinatuhusu moja kwa moja: kila programu ipewe ruhusa ndogo kabisa inayotosha kazi yake, na kila ombi la kufikia taarifa likaguliwe, kila mara, bila kudhani kwamba ruhusa iliyokuwepo jana ingalipo leo. Mwaka 1988 Norm Hardy akaeleza kisa kinachofanana sana na chetu. Ilikuwepo programu iliyoruhusiwa kuandika kwenye folda yenye faili la hesabu za malipo, kwa sababu ilihitaji kuweka humo kumbukumbu za matumizi. Mtumiaji ambaye hakuwa na ruhusa ya kuligusa faili hilo alilitaja jina lake tu, kama mahali anapotaka matokeo ya kazi yake yaandikwe. Programu ikaandika, na hesabu zikafutika. Hakuna aliyevunja kufuli lolote. Programu ilitumia mamlaka yake yenyewe kumtimizia ombi mtu ambaye hakuwa na mamlaka hayo.

Chatiboti yenye akaunti ya kusoma wanachama wote iko katika hali hiyo hiyo. Kinachotakiwa ni kwamba isiwe na mamlaka yake yenyewe juu ya taarifa za mwanachama yeyote. Inapomhudumia mwanachama, iazime mamlaka ya mwanachama huyo, kwa muda wa mazungumzo hayo, na isiweze kuyavuka hata ikidanganywa vipi.

Naomba nieleze linavyofanyika, kwa sababu hapa ndipo mtakapoweza kumbana msanidi. Mwanachama anapoanza mazungumzo, mfumo wa chama, si chatiboti, unathibitisha utambulisho wake na kufungua kikao chenye muda maalumu. Kikao hicho kinajua namba yake ya uanachama. Chatiboti ikihitaji salio, inaita huduma ya kutafuta salio bila kutaja namba yoyote. Huduma yenyewe inaichukua namba kutoka kwenye kikao. Angalieni tofauti. Huduma ikiwa imeundwa ipokee namba kutoka kwa chatiboti, basi mwenye kadi 0417 anaweza kuishawishi iulize ya 0418, na namba zetu za uanachama, kama mnavyojua, zimefuatana tangu chama kilipoandikishwa. Huduma ikiwa haina hata nafasi ya kuandikiwa namba, ushawishi wote wa duniani hauna pa kushika. Chatiboti inaweza kukubali kwa moyo mweupe kabisa kutoa salio la 0418, na bado isiwe nalo.

Wapo waliojifunza hilo hadharani. Mwaka 2025 watafiti wawili wa usalama, Ian Carroll na Sam Curry, waliichunguza chatiboti iitwayo Olivia, iliyoundwa na kampuni ya Paradox.ai, ambayo McDonald's huitumia kupokea maombi ya kazi. Waliingia upande wa wasimamizi kupitia akaunti ya majaribio iliyosahaulika, ambayo jina na nywila yake vilikuwa 123456. Wakiwa ndani waligundua kwamba kila ombi la kazi lina namba, na kwamba wakipunguza namba hiyo kwa moja wanaletewa mazungumzo, jina, barua pepe na simu ya mwombaji mwingine. Maombi yaliyoweza kufikiwa kwa njia hiyo yalikuwa kiasi cha milioni 64. Kampuni iliziba mwanya mara tu ilipoarifiwa. Ninalowaomba mlione ni kwamba hawakuhitaji kuidanganya chatiboti hata kwa sentensi moja. Magazeti yaliandika juu ya akili mnemba. Kosa lilikuwa la nywila dhaifu na namba zinazofuatana bila ukaguzi wa ruhusa, makosa ambayo mkaguzi mzuri wa mifumo angeyatafuta hata mwaka 2005.

Sasa nije kwenye uthibitisho wa utambulisho, ambako mazingira yetu yana ugumu wake. Muuzaji atasema kwamba mwanachama anatambuliwa kwa namba yake ya WhatsApp. Namba ya simu inatambulisha laini, haimtambulishi mtu. Wazee wetu wengi wana kitochi, na WhatsApp iko kwenye simu ya mjukuu. Laini inaweza kurudishwa kinyemela na mtu mwingine, na matapeli wa fedha za simu wameshatuonyesha hilo. Akaunti ya WhatsApp yenyewe inaweza kuendelea kufanya kazi kwenye simu ambayo laini yake imeshatolewa, na inaweza kuunganishwa na kompyuta ya ofisi ambayo wenzako wanaitumia. Kwa hiyo namba ya simu itoshe kwa maswali ya jumla tu: riba ya mkopo wa dharura, saa za kufungua ofisi, fomu zinazohitajika. Salio na mkopo viombe uthibitisho wa pili, na uthibitisho huo ufanyike nje ya mazungumzo, kwa mfano kwa menyu ya USSD ya chama, ile ya kubonyeza nyota na namba, au ukurasa maalumu. Namba ya siri isiandikwe kamwe ndani ya mazungumzo, kwa sababu mazungumzo huhifadhiwa, husomwa na watu wa huduma kwa wateja, na hupita kwenye seva za watu kadhaa kabla ya kufika. Zaidi ya hapo, tukimzoesha mwanachama kuiandikia chatiboti ya chama namba yake ya siri, tutakuwa tumemfundisha kuiandikia na chatiboti ya tapeli yenye nembo yetu.

Kuhusu kuhamisha fedha kupitia chatiboti, sitakuwa na maneno mengi. Kwa sasa, msiruhusu. Isome, isiandike.

Ipo sehemu nyingine ambayo ruhusa hupotea bila mtu kukusudia, nayo ni nyaraka. Ili chatiboti ijibu maswali kuhusu sera za chama, nyaraka hukatwa vipande vipande na kuwekwa katika hifadhi ya utafutaji. Swali likija, vipande vinavyokaribiana nalo kimaana huchotwa na kupewa modeli. Mara nyingi msanidi huomba folda nzima ya chama ili "chatiboti ijue kila kitu". Ndani ya folda hiyo mna sheria ndogo na sera ya mikopo, ambazo kila mwanachama ana haki ya kuzisoma, lakini pia mna mihtasari ya bodi, orodha ya wadaiwa sugu na barua ya kumwonya mtumishi. Kwenye kompyuta ya katibu, faili hizo zilikuwa na ulinzi wake. Zikishakatwa na kuingizwa kwenye hifadhi, ulinzi ule haufuatani nazo isipokuwa msanidi amekusudia kuubeba. Atakayeuliza kwa upole ni nani aliyechelewesha marejesho mwaka uliopita ataletewa kipande kinachohusika, kwa sababu kazi ya hifadhi ni kuleta kinachohusika. Kila kipande kiwe na alama ya nani anaruhusiwa kukisoma, na uchujaji ufanyike kabla ya modeli kukipokea. Kwa vyama vidogo kuna njia rahisi zaidi, nami naipenda: nyaraka za ndani zisiingizwe kabisa. Chatiboti ya wanachama ipewe zile tu ambazo mngekuwa tayari kuzibandika kwenye ubao wa matangazo.

Baadhi yenu mmeniambia kwamba nyumba yenu ni tofauti, kwa sababu chatiboti yenu ni ya watumishi tu, inayowasaidia kufupisha maombi ya mikopo. Hatari hapo haipungui. Mwombaji analeta faili la PDF. Ndani yake, kwa herufi nyeupe juu ya karatasi nyeupe, kumeandikwa kwamba mwombaji huyu ana historia bora ya marejesho na apendekezwe. Afisa mikopo haoni kitu, modeli inasoma yote. Juni 2025 watafiti wa kampuni ya Aim Security walitangaza udhaifu waliouita EchoLeak katika Copilot, msaidizi wa akili mnemba wa Microsoft 365: barua pepe moja kutoka nje, yenye maelekezo yaliyofichwa, ingeweza kuifanya programu hiyo itoe nje taarifa za ndani za shirika bila mtumishi kubofya chochote. Microsoft ilikuwa imeshaurekebisha udhaifu huo, na ilisema hakuna mteja aliyeathirika, lakini njia iliyotumika inafundisha. Mwaka huo huo Willison aliandika kwamba hatari kubwa huzaliwa pale mambo matatu yanapokutana katika programu moja: kufikia taarifa za siri, kusoma maandishi ya watu wasioaminika, na kuwa na njia ya kupeleka kitu nje. Kwa afisa mikopo, mawili ya kwanza hayaepukiki. Basi lifungwe la tatu. Programu inayofupisha maombi isiwe na uwezo wa kutuma barua pepe, kufungua viungo vya intaneti wala kuandika kwenye daftari la mikopo, na pendekezo lake lisomwe pamoja na maombi yenyewe, si badala yake.

Nimeongea juu ya chatiboti kana kwamba ni yetu. Kwa kweli itakuwa ya kampuni, ambayo nayo inakodi modeli kwa kampuni nyingine, na kati yao na sisi kutakuwa na tokeni, yaani hati ndefu za kidijitali zinazoruhusu mfumo mmoja kuingia kwenye mwingine bila kuulizwa nywila. Agosti 2025 wadukuzi waliiba tokeni za chatiboti ya mauzo iitwayo Drift, ya kampuni ya Salesloft, wakazitumia kuingia kwenye mifumo ya Salesforce, inayotunza taarifa za wateja, ya mashirika yaliyokuwa yameiunganisha. Google ilikadiria kwamba zaidi ya mashirika 700 huenda yaliguswa, na kampuni zinazoishi kwa kuuza usalama, kama Cloudflare, Zscaler na Palo Alto Networks, zilitangaza kwamba zimo. Walichokuwa wakikitafuta zaidi ni nywila na tokeni nyingine ambazo wateja walikuwa wameziandika ndani ya maombi yao ya msaada. Cloudflare peke yake ilikuta tokeni zake 104 katika data iliyochukuliwa, ikazibadilisha zote. Kwa chama chetu hapa Kilimanjaro maana yake ni kwamba tokeni tutakayompa muuzaji iwe na muda wa kwisha, iweze kufutwa na sisi wenyewe bila kumpigia simu, na ifungue huduma mbili au tatu tulizokubaliana, si kanzidata nzima. Na siku mkataba ukiisha, ifutwe siku hiyo hiyo. Hushangaza jinsi vyama vinavyodai kurudishiwa pikipiki ya ofisi na kusahau kudai hilo.

Nakuja kwenye lugha, ambayo wauzaji wa nje huisahau kabisa. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walionyesha kwamba maombi yaliyokataliwa na modeli ya GPT-4 kwa Kiingereza yalikubaliwa kwa asilimia 79 yalipotafsiriwa katika lugha zenye maandishi machache, Kizulu ikiwa mojawapo. Kundi jingine la watafiti lilipima jambo kama hilo katika lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo, na likaona kwamba kadiri lugha inavyokuwa na maandishi machache katika mafunzo ya modeli ndivyo ukataaji wake unavyolegea. Modeli zimebadilika tangu hapo na sitatumia tarakimu hizo kuzihukumu za leo. Ila vichujio vingi vinavyouzwa kama ulinzi, vinavyokagua maneno kabla hayajaifikia modeli, vimejaribiwa kwa Kiingereza, na mwanachama wetu ataandika Kiswahili cha mtaani Pasua kilichochanganyika na Kichagga cha Kibosho na vifupisho vya vijana. Kichujio kisichoelewa sentensi hakiwezi kuizuia. Hii ni sababu nyingine ya kuuweka ulinzi kwenye kikao na kwenye kanzidata, ambako namba 0417 ni 0417 katika lugha zote.

Upande wa sheria nitapita haraka, kwa sababu mwanasheria atafuata baada yangu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaihesabu miamala ya kifedha ya mtu miongoni mwa taarifa binafsi nyeti, inawataka wakusanyaji na wachakataji wa taarifa wajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na inaweka masharti ya kusafirisha taarifa nje ya nchi. Modeli nyingi zinazotumika zinakaa kwenye seva za nje. Kuna ufundi mdogo unaopunguza mzigo huo: modeli iandike tu "salio lako ni" na kuacha alama, kisha mfumo wa chama ujaze tarakimu baada ya jibu kurudi. Kwa namna hiyo salio la mwanachama halitoki kwenye seva ya chama kwenda kwa modeli, na tarakimu inayojazwa kwenye alama hiyo inatoka kwa chama, si kwa modeli.

Wala tusifikiri kwamba tutamtupia muuzaji lawama zote. Februari 2024 baraza la usuluhishi la jimbo la British Columbia, Kanada, liliamua shauri la abiria aliyepewa na chatiboti ya Air Canada maelezo yasiyo sahihi kuhusu nafuu ya nauli kwa wafiwa. Shirika lilijitetea kana kwamba chatiboti ni chombo kinachojitegemea na kinachowajibika kwa matendo yake. Baraza lilikataa utetezi huo na kuliamuru shirika lilipe. Uamuzi wa Kanada haufungi mahakama zetu, lakini sioni hakimu wa hapa atakayeshawishika zaidi na utetezi ule.

Nimeulizwa mara kadhaa ni jaribio gani moja ambalo bodi isiyo na mtaalamu wa kompyuta inaweza kulifanya kabla ya kusaini. Lipo. Mwambieni muuzaji, mbele yenu, afute maelekezo yote ya mwanzo ya chatiboti, pamoja na ile sentensi ya kuilinda siri ya wanachama. Kisha mwanachama wa mfano aingie kwa uthibitisho wake na aiombe chatiboti, kwa Kiswahili cha kawaida, itoe salio la mwanachama mwingine wa mfano. Ikishindwa kulitoa kwa sababu halifikii, ulinzi umewekwa panapostahili. Ikilitoa, mmeona kwa macho yenu kwamba kilichokuwa kinalinda akiba za watu ni sentensi. Muuzaji akisema jaribio hilo si la haki, hapo napo amewajibu. Ombeni pia kuonyeshwa kumbukumbu za matukio: kila ombi la taarifa lirekodiwe pamoja na kikao kilicholiomba na jibu la ukaguzi wa ruhusa, na kumbukumbu hizo zisomwe na kamati ya usimamizi, si na mtu yule yule anayeuendesha mfumo. Ushirika wa mkoa huu, tangu KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, ilipoanzishwa mwaka 1933, umejengwa na watu waliotaka kuona vitabu vya hesabu kwa macho yao, na sioni kwa nini kitabu hiki kiwe cha mhandisi peke yake.

Ndugu Mwenyekiti, limeletwa swali moja kwa maandishi ambalo ningependa kulijibu kabla sijaketi. Linauliza: mwanachama akifariki na simu yake ikabaki kwa mtoto wake, mtoto huyo akiuliza salio, ajibiwe? Asijibiwe. Mpaka chama kipate taarifa ya kifo, mfumo hauna namna ya kujua, na ndiyo maana nimesisitiza uthibitisho wa pili na vikao vya muda mfupi. Taarifa ikifika, karani anabadili hali ya mwanachama kwenye daftari la chama, na kwa kuwa ruhusa inakaguliwa kila ombi, njia inafunga papo hapo bila mtu kuigusa chatiboti. Ujumbe unaotolewa baada ya hapo usitaje kifo wala akiba. Umwelekeze mwulizaji afike ofisini, ambako mteule aliyeandikwa na marehemu, au msimamizi wa mirathi mwenye barua ya uteuzi ya mahakama, atahudumiwa na mtu. Namba ya simu ya marehemu nayo iondolewe kwenye mfumo, kwa sababu laini isiyotumika kwa muda mrefu inaweza kufungwa na namba yake kugawiwa mteja mwingine asiyehusika kabisa na familia. Haya yote yaingizwe katika siku ya majaribio, kwa kubadili hali ya mwanachama wa mfano wakati mazungumzo yake yakiwa bado wazi, na kuona kama swali lake linalofuata litajibiwa.